Mahali Tuta Lilipofungwa

Watu wa kitongoji cha Isela hawana gulio wala hawana kituo cha basi, lakini wana wimbo. Kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata siku ile ya kuzindua mashine ya kukoboa mpunga, lazima mtu mmoja aanze: "Kashindye kafunga mto, nani ataufungua?" Wengine huitikia kwa kupiga miguu chini mpaka vumbi linaingia kwenye sahani za wageni. Bernadeta, mjane wa huyo Kashindye, huketishwa mbele pamoja na wazee. Wimbo ukianza yeye huinamisha kichwa, na watu hunong'onezana, "Mama yule mnyenyekevu, jamani."

Haukuwa unyenyekevu. Ilikuwa hofu, na alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jiwe la kupikia lililolegea.

Lambo la kijiji chao, Mwabulenga, si kubwa. Ni tuta la udongo lenye urefu wa hatua mia mbili na kumi, limelala kati ya vilima viwili vya mawe na kuuziba mto ambao kwa miezi saba ya mwaka ni mchanga mtupu. Lakini mvua zikinyesha juu huko, mto ule hushuka kwa kelele kama watu walioitikia mwano, lile yowe la hatari ambalo Msukuma akilisikia huacha ugali mezani. Mwaka mmoja kabla ya tuta kujengwa maji yalishuka hivyo. Yakafagia majaruba yote ya mpunga mpaka ziwani, yakabomoa nyumba tisa za bondeni, na yakamchukua mama mmoja aliyekuwa amekwisha kutoka salama akarudi ndani kufuata godoro. Ndipo wazee wakasema, mto huu ufungwe.

Waliufunga mwaka themanini na tatu, bila trekta wala mashine, kwa majembe, vikapu na kwato. Mlima wa mashariki ni wa Isela, mlima wa magharibi ni wa Bugandu, na kila kitongoji kilianza upande wake kikija katikati. Walimwaga udongo wa vichuguu, unene wa kiganja kimoja. Wasichana wakaleta maji mtungini kichwani, wakanyunyiza. Kisha ng'ombe wakapitishwa juu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka kwato zisizame tena. Hapo tu ndipo tabaka jingine liliruhusiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Na kwa kuwa Wasukuma hawajui kufanya kazi bila kushindana, ikaongezwa nyingine: kitongoji kitakachofika katikati kwanza na kulifunga tuta kitachinjiwa fahali.

Isela walilifunga. Kashindye ndiye aliyekuwa nsumba ntale wao, kiongozi wa vijana kazini. Ndiyo sababu ya wimbo.

Sasa mwaka huu mvua za masika zilizidi. Mwezi wa tano lambo lilijaa mpaka maji yakafika kwenye njia ya pembeni ya kutolea maji, na chini ya tuta, upande wa Bugandu, pakaanza kuchuruzika. Mwanzoni ilikuwa kama jasho. Baadaye yakatoka maji mekundu. Jua lilipokuja na lambo kupungua, pale chini palibaki unyevu na matete yakaota, mabichi kabisa katikati ya majani makavu.

Mwezi wa tisa ukiwa unaishia, kamati ya lambo ilimwita fundi wa maji kutoka wilayani. Alikuja kwa pikipiki, binti mwembamba mwenye kofia ngumu na buti zilizomzidi, anaitwa Gladness. Watu wa vitongoji vyote viwili walikusanyika juu ya tuta. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Yeremia, mwana mkubwa wa Bernadeta.

"Tuliwaambia siku nyingi," Yeremia alisema kwa sauti ya kuwachekesha watu. "Baba zetu walishindilia kwa ng'ombe. Hawa wenzetu wa Bugandu walishindilia kwa mbuzi."

"Na mbuzi wenyewe walikuwa na mimba!" mwanamke mmoja wa Isela akadakia. "Wanapita kwa vidole!"

Isela yote ikaangua kicheko. Mzee Luhende, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa Bugandu enzi zile, alikuwa ameegemea fimbo yake. Alikuwa mzee mkavu, mrefu, mwenye masikio makubwa. Alingoja kicheko kiishe.

"Chekeni," alisema. "Meno hayazibi tuta."

Gladness hakucheka. Alitembea chini, akapanda juu, akachomeka chuma ardhini mara nyingi, akaandika.

"Wazee wangu," alisema, "maji yakitoka meupe, lambo linatoka jasho. Yakitoka na udongo, linatoka damu. Hili linatoka damu. Huko ndani kuna njia, na kila maji yanapopita yanaipanua. Mvua moja kubwa tu, na kuna nyumba arobaini na tatu huko chini, nimezihesabu nikija. Inabidi tufukue tuta kutoka juu mpaka chini mahali penye ubovu, tulijaze upya na kulishindilia. Mvua za vuli ziko wiki nne mbele. Tukikosea mahali, hatutakuwa na muda wa kufukua pengine."

"Mahali si pale penye matete?" aliuliza Yeremia.

"Huenda. Lakini maji ni majanja, kaka. Yanaweza kuingia kule yakatokea hapa. Kuna aliyekuwepo wakati wa ujenzi?"

"Mimi," alisema Luhende. "Upande wetu nakula kiapo. Kila tabaka tulilinywesha, tukalikanyaga. Katikati sijui, katikati walifunga wenyewe."

Watu wakageuka kumtazama Bernadeta. Wale wengine waliokuwa pale katikati wote walikuwa wamekwisha kufa. Gladness akamsogelea, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo mama. Wewe ulikuwepo?"

"Marahaba. Nilikuwa nachota maji."

"Pale katikati palijengwaje?"

Yeremia alikuwa anamtazama mama yake huku anatabasamu, kama mtu anayesubiri kusikia kitu anachokijua tayari.

"Palijengwa vizuri, mwanangu," alisema Bernadeta.

Basi ikaamuliwa. Jumatatu Bugandu wangeanza kufukua upande wao, maana Mwabulenga desturi ni kwamba kosa likiwa kwenu, jembe linakuwa lenu. Luhende alishuka tuta bila kuaga.

*

Siku zile zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma Bernadeta zaidi, kwamba siku zile zilikuwa nzuri kweli. Mpaka leo akifumba macho anasikia ngoma ya asubuhi ikiita watu kazini, na ile ya Bugandu ikijibu ng'ambo ya mto kwa kejeli. Anaona ng'ombe mia na zaidi wakipanda tuta, pembe zao zikiwa nyeupe kwenye jua, na vijana mbele yao wakicheza na majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka bila kupoteza wimbo. Wasichana walikuwa kumi na wanane. Njia ya kutoka kisimani mpaka kwenye tuta ilikuwa imelainika kwa nyayo zao. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza malipo. Jioni walirudi wamepakaa udongo mpaka kwenye kope, wanacheka tu. Hajawahi tena kuona watu wamechoka vile na kufurahi vile.

Na Kashindye. Alikuwa na sauti iliyoweza kusimamisha ng'ombe. Alipompokea mtungi hakuushika kwa mkono mmoja kama wengine. Aliushika kwa mikono miwili na kusema asante.

Siku ya mwisho pengo lilikuwa limebaki hatua nane. Ng'ombe wa Isela walikuwa wamepasuka kwato, wengine wanachechemea. Wa Bugandu walikuwa wazima, na Bugandu walikuwa wamebakiza tabaka chache tu kufika. Mchana, watu walipokwenda kula kivulini, Bernadeta alirudi na mtungi akamkuta Kashindye amechuchumaa peke yake ndani ya pengo. Alikuwa analia. Mwanamume yule, analia kimya kimya huku anafikicha udongo kwa vidole.

"Tumeshindwa," alimwambia. "Nawaambiaje?"

Bernadeta alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuweza kuvumilia machozi yale. Alisema, "Nyumbani kwa baba kuna mabua ya mtama, rundo zima. Yalaze chini, juu utie udongo. Nani atakuja kufumua?"

Kashindye alijifuta uso. Halafu akaita rafiki zake wawili. Walikimbia kuyabeba, wakayalaza chini, wakamwaga udongo mkavu, wakapaka wa maji juu kama mtu anavyopaka mafuta uso ambao hajanawa. Watu waliporudi kutoka kula walikuta pengo limejaa na ng'ombe wawili wanalizunguka. Ngoma ikalia. Bugandu wakatupa majembe chini. Fahali akachinjwa, na baada ya mavuno Kashindye akatuma washenga kwa baba yake Bernadeta.

Kashindye mwenyewe hakuwahi kuuimba ule wimbo. Kila mvua kubwa ilipokuja alijifunika gunia akaenda kutembea juu ya tuta, na watu walisema, tazameni anavyolilinda. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, sauti imebaki kidogo, alikuwa akiuliza jambo moja tu kila asubuhi. "Tuta lipo?"

"Lipo," Bernadeta alimjibu, mpaka asubuhi ambayo hakuuliza.

*

Jumapili, baada ya misa, Bernadeta alibaki kanisani. Wengine walikuwa nje wanasalimiana. Alipiga magoti mbele kabisa, akashika rozari, akamwomba Mungu akaushe pale palipovuja. Akaomba mvua za mwaka huu ziwe za wastani. Akaomba yule binti wa wilayani ajue mwenyewe, kwa vipimo vyake. Aliomba kwa bidii, kama alivyozoea kuombea wagonjwa, na alikuwa amefika fumbo la tatu la rozari aliposikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa anamwomba Mungu amsaidie kusema uongo.

Rozari ikakaa tu mkononi.

Aliwafikiria watu wa Bugandu, miaka arobaini na moja wanaitwa washindilia kwa mbuzi. Aliwafikiria wale wa nyumba arobaini na tatu. Lakini aliyesimama mbele ya macho yake kuliko wote alikuwa Yeremia, ambaye alijifunza kutembea kwa kufuata mdundo wa wimbo ule. Nikisema, aliwaza, nitamzika baba yake mara ya pili, na safari hii mtoto atakuwa anatazama.

"Bwana," alisema kwa sauti, maana kanisa lilikuwa tupu, "wewe wajua. Basi nipe miguu ya kunifikisha. Mengine sitakuomba."

*

Jumatatu saa tatu asubuhi alipofika, vijana wa Bugandu walikuwa wamekwisha fukua urefu wa mtu. Watu wa Isela walikuwa wamekaa juu ya mawe wanawatania, wanakula miwa. Gladness alikuwa ndani ya shimo anapima udongo, na uso wake haukuwa na furaha.

"Hapa pamekaza kama sakafu," alikuwa akisema. "Sioni ubovu."

"Chimbeni tu, mbuzi walipita hapo hapo!" mtu akapaza sauti.

Bernadeta hakusalimia mtu. Alitembea juu ya tuta kutoka upande wa Isela akihesabu hatua kwa mdomo, akapita katikati kidogo, akasimama. Akavua kandambili, akaziweka moja huku, moja kule, hatua nane kati yake.

"Fukueni hapa," alisema. "Hapa chini kuna mabua ya mtama."

Mtu mwenye muwa mdomoni aliacha kutafuna.

"Mama," Yeremia alisema akija haraka, anamshika kiwiko. "Mama, jua limekupata. Twende nyumbani."

"Jua halijanipata. Siku ya kufunga tuta ng'ombe wetu walikuwa wamechoka. Tukajaza mabua na udongo mkavu, tukapaka juu. Tulikuwa wanne. Baba yako alikuwemo. Ila wazo lilikuwa langu, mwanangu. Alikuwa amekwisha kukubali kushindwa. Mimi ndiye sikukubali."

Yeremia aliachia kiwiko chake polepole. Alimtazama kama vile anamtafuta mtu mwingine nyuma ya uso ule. Kisha akageuka, akashuka tuta, akaenda zake bondeni bila kutazama nyuma.

Gladness alikuwa amekwisha kutoka shimoni. "Hamisheni majembe," alisema.

Walifukua mpaka alasiri. Kwenye kina cha kiuno udongo ulianza kuporomoka wenyewe. Kwenye kina cha bega jembe likazama lote mpaka mpini, na mchimbaji nusura alifuate. Mabua hayakuwepo tena. Yalikuwa yameoza zamani. Yaliyobaki ni nafasi zao, vijishimo vyeusi vimelala sambamba kama tundu za filimbi, na ndani ya kimojawapo maji yalikuwa yanatembea, kidogo kidogo, yanaelekea upande wa Bugandu.

"Yesu na Maria," alisema Gladness. Alipiga hesabu kwenye daftari lake, akalifunga. "Mvua ya kwanza kubwa. Ya pili isingelikuta."

Watu wote walimtazama Luhende. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia, kama mvulana kwenye daraja.

"Shemeji Bernadeta," alisema.

"Abee."

"Nimetukanwa miaka arobaini na moja. Nimeitwa baba wa mbuzi. Binti yangu aliolewa Isela, na siku ya harusi yake mkamletea mbuzi mwenye mimba."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi leo nipeni siku moja. Leo nitukane. Kesho tufanye kazi."

Na alitukana. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akaanza na nyumba za kuku zinazojengwa kwa mabua, akaja kwa watu wanaopaka rangi kaburi wakiliita ikulu, akataja kila ukoo wa Isela kwa jina na kila kilichooza katika kila ukoo. Vijana wa Bugandu walikuwa wanagaagaa chini. Hata Isela wakaanza kucheka, wakizibana mbavu, maana mzee alikuwa fundi wa maneno na matusi yale alikuwa ameyatunza muda mrefu. Hakumgusa Kashindye kabisa. Alipomaliza alijifuta jasho, akakaa karibu na Bernadeta.

"Nilimchukia marehemu kwa sababu alinishinda," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sasa hajanishinda. Hata sijui nianzie wapi kumkumbuka."

Asubuhi iliyofuata kazi ilianza upya kwa sheria ya zamani: kiganja kimoja cha udongo, maji, kwato. Ng'ombe siku hizi ni wachache; wengi walihamishiwa kusini kutafuta malisho. Luhende alileta wake kumi na wanne. Siku ya tatu, Yeremia alitokea njiani na zizi lake zima, ng'ombe ishirini na sita. Aliwapandisha kwenye tuta upande wa mashariki na kuwapitisha kwenda na kurudi mpaka jua lilipozama. Alizungumza na fundi, alizungumza na Luhende, alizungumza na ng'ombe. Kwa mama yake hakusema neno. Ikawa hivyo siku kumi na moja. Hakuna aliyeanzisha wimbo wowote, na hakuna aliyeshindana.

*

Mvua za vuli zilikuja kwa nguvu tangu siku ya kwanza. Lambo lilijaa kwa siku tatu. Chini ya tuta, pale penye matete, hapakutoka jasho wala damu.

Siku ya nne alasiri Bernadeta alikuwa barazani anachambua mchele, mvua ikipiga bati. Yeremia akaja mbio amejifunika turubai, akasimama chini ya ukingo wa paa, maji yanamtiririka mabegani.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza katika mwezi mzima. Bernadeta aliweka ungo chini kwanza.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimetoka kwenye tuta. Pakavu."

"Mungu ashukuriwe."

Yeremia alikuna ukuta kwa ukucha.

"Jumamosi kulikuwa na harusi kwa kina Obedi," alisema. "Hawakuimba. Walifika mahali pa kuimba, wakatazamana, wakapiga muziki wa spika."

"Nimesikia."

"Kila mtu alikuwa na baba. Mimi nilikuwa na baba na wimbo. Sasa hivi nikimtafuta kichwani nakuta mtu amebeba mabua." Akaacha kukuna ukuta. "Nimkumbuke kwa lipi, mama?"

Bernadeta alitafuta jibu la maana, la kumfaa mwanamume mzima mwenye watoto watano, akalikosa. Lililomjia halikuwa la maana hata kidogo.

"Baba yako alikuwa anaogopa vyura," alisema.

"Nini?"

"Vyura. Lambo lilipojaa mara ya kwanza walitokea maelfu, sijui walikuwa wapi siku zote. Tukaenda kutazama maji, watu wote, na chura mmoja akamrukia mguuni. Nsumba ntale mzima! Alipiga ukelele, akapanda juu ya mgongo wa ng'ombe, akakataa kushuka. Tulirudi naye hivyo hivyo mpaka nyumbani, amekaa juu kama gunia la mihogo, ananiambia, 'Ukimwambia mtu, sikuoi.'"

Mabega ya Yeremia yakaanza kutikisika, na kwa muda haikujulikana ni nini kinachomtikisa.

"Ng'ombe gani?" aliuliza hatimaye, akijifuta macho kwa mkono uliolowa.

"Yule mwekundu wa babu yako, mwenye pembe moja. Ingia ndani kwanza, mvua inakupiga. Nitakueleza yote."